Upinde wa Kilo Kumi na Sita

Hasira zangu ziko karibu, sikatai. Shangazi Esha aliyenilea husema mimi nikiudhika hata paka anahama nyumba. Lakini Jumanne ile, wallahi, sikwenda dukani kwa Naushad nikiwa na ugomvi na mtu. Nilikwenda na maringo.

Nilikuwa nimetoka kubangua korosho tangu asubuhi. Nilipitia nyumbani kuchukua upinde wangu, nikawa njiani kwenda uwanjani, nikaingia dukani kununua kipande cha sabuni. Naushad, mjukuu wa marehemu mzee Jafferali, alikuwa anawapimia ufuta wakulima wawili kutoka Kilangala kwenye ile mizani yake ya kuning'inia. Nimesoma naye shule ya msingi hapahapa Lindi, kwa hiyo tunataniana bila kuogopana.

"Bi harusi!" akasema. "Bado unazunguka na hicho kitu cha kufukuzia kunguru?"

"Kunguru ni wewe. Huu unavutwa kwa kilo kumi na sita, Naushad. Na kitambi hicho huuwezi."

"Kumi na sita? Kwa vidole vitatu? Usinipige kamba."

"Mizani si hiyo hapo? Tundika uone."

Wale wakulima wakacheka, wakasogeza gunia lao pembeni. Tukatundika uzi wa upinde kwenye ndoano ya mizani, mimi nikashika upinde kwa chini, nikauvuta kushuka mpaka urefu wa mshale wangu, kama ninavyouvuta nikilenga. Naushad akainama kusoma. Halafu akafuta kioo cha mizani kwa kidole, akasoma tena.

"Kumi na mbili na nusu," akasema.

"Soma vizuri."

"Nimesoma vizuri. Vuta tena."

Nikavuta tena. Nikavuta mara ya tatu. Mshale wa mizani ukasimama palepale, kumi na mbili na nusu, haukutaka hata kunionea huruma.

"Mizani yako inaiba!" nikasema.

Maneno gani hayo ya kusema mbele ya watu wanaouza ufuta! Wakulima wote wawili waligeuka. Naushad akabadilika uso.

"Dada yangu, usiniharibie. Matani tutaniane, lakini hilo usilirudie." Akatoa jiwe la kilo kumi lenye muhuri wa serikali, akalitundika mbele ya macho yetu sote. Mizani ikasema kumi. Akaongeza la kilo tano. Ikasema kumi na tano. "Haya. Nani mwizi hapa?"

Nilikuwa nimeshaanza kumjua mwizi, na moyo wangu ulikuwa unakataa kumtaja jina.

Nieleze kidogo, maana asiyejua mchezo wa upinde ataona kilo tatu na nusu ni kitu cha kucheka. Upinde wa mashindano una mpini katikati na mikono miwili, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Nguvu iko kwenye mikono. Ukitaka upinde mzito unabadilisha mikono, mpini unauacha. Na kwenye mchujo wa timu ya taifa mwanamke analenga kutoka mita sabini. Upinde mwepesi kwa mita sabini unatema mshale tu. Unaruka juu, unachoka, unaanguka miguuni pa ubao.

Miezi miwili iliyopita, Ridhiwani aliniambia amenibadilishia mikono. Alisema nimetoka kilo kumi na mbili na nusu, sasa niko kumi na sita. Aliandika hata namba mwenyewe kwa kalamu nyeusi kwenye kipande cha plasta, akakibandika kwenye mkono wa chini. Nilipouvuta nikauona mwepesi, nikajisifu. Nikasema, Nusaiba, mwanamke una nguvu! Ridhiwani akatabasamu. Nilimpenda sana kwa tabasamu lile.

Ridhiwani ndiye mwalimu wangu wa upinde. Ndiye pia mchumba wangu. Arusi yetu ilikuwa imepangwa Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, na mchujo wa Dar ulikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Siku kumi na moja.

Na kwa miezi miwili hiyo mishale yangu ilikuwa inaanguka chini ya ubao. Kila jioni nilimuuliza, "Kosa liko wapi?" Na kila jioni alinijibu neno lilelile, kwa upole uleule: "Mgongo bado, Nusaiba. Mgongo wako umezoea kuinama kwenye korosho. Jenga mgongo."

Nikajenga. Mungu ananiona, nilijenga. Nilifunga mpira wa ndani wa baiskeli kwenye nguzo ya ukumbi, nikauvuta viwiko vikirudi nyuma, mara mia kabla ya kazi na mara mia baada ya Isha. Niliinama na dumu la maji la lita kumi, nikalinyanyua mpaka mbavuni, kulia ishirini, kushoto ishirini. Nikaenda kisimani mtaani kwetu, nikawaambia kina mama waniachie kamba. Ndoo ya kwanza mpaka ya themanini, nawatekea mtaa mzima, huku nabana makombe ya mabega kama alivyonifundisha. Vidole vilichubuka vikaota sugu. Kina mama wakanicheka, wakasema bi harusi gani huyu anayetekea watu maji wakati wenzake wanasingwa liwa walainike ngozi. Nikawaambia mgongo bado.

Nilitoka dukani bila sabuni.

Nilimkuta uwanjani nyuma ya maghala, anapigilia ubao wa shabaha. Amevaa ile fulana yake ya kijani iliyopauka begani. Aliponiona akanyanyuka, macho yakang'aa kama kawaida yake, na mimi, pamoja na yote, nikatamani kutabasamu kama kawaida yangu. Nikajichukia.

"Shikamoo, Mwalimu," nikamwambia.

Kanizidi miaka mitatu tu. Sijawahi kumwamkia shikamoo tangu nimjue. Nyundo ikabaki mkononi.

"Nusaiba. Kuna nini?"

"Upinde wangu una kilo ngapi?"

"Si unajua? Kumi na sita."

"Rudia."

"Kumi na sita. Kwani vipi?"

"Rudia ukiniangalia."

Akaniangalia. Akaangalia upinde. Akaangalia chini. "Nani kakwambia?" akauliza.

Basi hapo sikuhitaji mizani tena. Mtu asiye na lake hakuulizi nani kakwambia. Anakuuliza kakwambia nini.

"Ameniambia Naushad. Na jiwe la kilo kumi, na jiwe la kilo tano, na watu wawili wa Kilangala ambao hata jina langu hawalijui. Watu wote wale wanajua uzito wa upinde wangu, Ridhiwani, isipokuwa mimi!"

"Ngoja nikueleze."

"Nimengoja miezi miwili! Eleza!"

Akaweka nyundo chini polepole. Ana mikono mizuri, mikubwa, yenye adabu. Tangu aanze kunifundisha hajawahi kunigusa hata kwa kidole, maana hatujafunga ndoa na yeye anajiheshimu. Akitaka kunionyesha pa kubana, hunigusa kwa mkia wa mshale, hapa katikati ya mabega, kidogo tu, halafu huondoa. Nilikuwa naungoja mkia ule wa mshale kutwa nzima. Nabangua korosho nautamani.

"Ni Mama," akasema.

"Mama kafanyaje?"

"Siku ile Shangazi Esha alipokupima gauni mara ya kwanza, mgongo ulitoka inchi kumi na nne. Alipokupima tena, kumi na tano na nusu. Mama alikuwapo. Alirudi nyumbani hakula. Alisema anamwozesha mwanawe kuli wa bandarini. Alisema bi harusi akikaa mbele ya watu na mabega yale, jamaa zake wanawake wa Kilwa watacheka mpaka warudi kwao."

"Na wewe ukasema nini?"

Akaokota msumari chini.

"Ridhiwani, nakuuliza. Mama yako alipomwita mchumba wako kuli, mdomo wako ulisema nini?"

"Ningesema nini? Ni mama yangu. Hana mume, hana mtoto mwingine. Nilitafuta njia ya kila mtu kuridhika."

"Kila mtu!"

"Mikono sikuibadilisha. Nilibandika plasta tu. Nikaona upinde ukiwa mwepesi mabega hayataongezeka, arusi ipite salama, halafu nikuwekee mizito. Mungu shahidi yangu."

"Usimwite Mungu kwenye plasta yako! Na mchujo?"

"Mchujo upo kila mwaka, Nusaiba."

Kuna maneno mtu akikwambia unasikia kitu kinavunjika, na si kichwani, ni humu ndani kabisa. Lile lilikuwa moja.

"Nina miaka ishirini na saba," nikamwambia. "Nabangua korosho tangu nina kumi na sita. Mchujo huu ndio kitu pekee maishani mwangu nilichokiomba kwa jina lake. Nimekiomba kwenye sijida, Ridhiwani! Wewe unajua, nilikwambia wewe peke yako. Na ulikuwa unasimama hapo, hapo ulipo, unaona mshale wangu unaanguka, unajua kwa nini unaanguka, unaniambia mgongo bado."

"Nilikuwa naumia nikikwambia."

"Masikini! Umeumia! Nikupe pole?"

"Nusaiba, punguza sauti."

"Sipunguzi! Umeshanipunguzia upinde, na sauti pia?" Nikamnyooshea viganja. "Angalia. Unaziona sugu hizi? Ndoo themanini. Kila siku ndoo themanini, kwa sababu uliniambia kosa ni langu. Unajua mabega hayo mama yako anayoyachukia yamezidi kwa nini? Yamezidi kisimani! Upinde wako wa plasta usingenipa hata nusu inchi. Ni uongo wako ulionipeleka kwenye kamba. Mabega ya kuli umeyazidisha wewe mwenyewe!"

Akaangalia viganja vyangu. Nadhani hilo hakuwahi kulifikiria.

"Na nikwambie jambo jingine," nikasema. "Mama yako anataka nikae ndani siku kumi na nne kabla ya arusi. Naanza Jumatatu. Mchujo ni Jumamosi ya wiki hiyohiyo. Wewe ulijua tangu mwanzo siku hizi mbili zitagongana. Ulikuwa unangoja nishindwe mwenyewe, nikate tamaa mwenyewe, niseme mwenyewe 'basi siendi', ili wewe usiseme neno kwa mtu yeyote. Sema si kweli."

Akafuta uso kwa mkono wa fulana. "Nakupenda," akasema.

"Sikukuuliza hilo."

"Lakini ndilo ninalolijua."

Nilitaka kulia, nikaona bora nitukane. Nikakosa tusi la kumtosha. "Mama yako yuko kwetu saa hizi," nikasema. "Wanapima gauni. Nakwenda kumuuliza."

"Nusaiba, usiende na hasira hizo! Yule ni mtu mzima!"

"Ndiyo maana nakwenda kwake. Wewe bado."

Nilitembea. Nyuma nilisikia pikipiki yake inawaka, inanifuata mwendo wa kinyonga, hathubutu kunipita wala kuniita. Watu wakatuangalia mtaa mzima.

Shangazi Esha ana cherehani yake ukumbini, upande wenye mwanga. Gauni langu jeupe lilikuwa mezani, na Bi Mwanahija, mama yake Ridhiwani, amekaa kwenye kiti kama hakimu, mkoba mapajani. Mwanamke mwembamba, mrefu, kanga zake hazijawahi kukunjamana. Tangu posa ilipoletwa hajawahi kunichekea.

Hasira hasira, adabu adabu. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umechelewa. Na huo mkuki wako umekuja nao."

"Ni upinde, Mama. Nina swali moja, na samahani naliuliza nimesimama."

Shangazi akaacha kukanyaga cherehani. Ananijua. "Nusaiba, kaa kwanza unywe maji."

"Maji nimeyateka ya kutosha, Shangazi." Nikamgeukia Bi Mwanahija. Ridhiwani alikuwa ameshafika mlangoni, amesimama na kofia ya pikipiki mkononi. "Mama, ulimwambia Ridhiwani anidanganye uzito wa upinde?"

"Akudanganye nini?"

Nikamweleza. Plasta, mizani, kilo kumi na mbili na nusu, miezi miwili, mgongo bado. Nilieleza harakaharaka, sauti ikinipanda. Bi Mwanahija alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza, hakuniangalia mimi. Alimwangalia mwanawe.

"Ridhiwani. Mimi nilikwambia nini?"

"Mama..."

"Nimekuuliza. Nilikwambia nini?"

Akanigeukia. "Mimi nilimwambia akwambie uache. Siku ileile tuliyotoka hapa. Nilimwambia, nenda kamwambie, mama yangu hataki mkwe wa mabega kama mlango wa ghala. Nenda kamwambie kwa kinywa chako. Akaja baada ya siku mbili akaniambia, 'Mama, nimeshamwambia. Amekubali. Anaacha polepole.'"

"Nimekubali?" nikasema. "Mimi?"

"Ndivyo alivyoniambia. Na mimi kila nikikuona na huo upinde nasema moyoni, binti huyu mnafiki, kakubali mbele ya mwanangu na nyuma anaendelea. Nimekuchukia miezi miwili kwa ahadi ambayo hukuitoa."

Nikamtazama Ridhiwani, na yeye anatazama kofia yake. Kumbe hakunidanganya mimi peke yangu. Alikuwa katikati yetu, anampa kila mmoja neno alitakalo, huku anatuacha sisi wawili tutafunane.

"Njia ya mwongo fupi," akasema Shangazi taratibu, kwa mtu yeyote aliyetaka kusikia.

Bi Mwanahija akainuka. Alisimama mbele yangu, karibu, nikasikia harufu ya karafuu kwenye kanga zake. "Sikiliza, Nusaiba. Mimi sikupendi sana, na wewe unajua."

"Najua, Mama."

"Mabega hayo siyapendi, na leo sijabadilika. Lakini nikiwa na neno nalisema usoni pako. Sijakuzunguka, na sikumtuma mtu akuzunguke."

"Najua," nikasema tena. Na kilichoniudhi zaidi ni kwamba nilimwamini. Mama mkwe aliyeniita kuli nilimwamini kuliko mwanaume niliyekuwa nalala namwota.

"Mikono mizito iko wapi?" nikamuuliza Ridhiwani.

"Ipo kwenye boksi la pikipiki."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile." Akaonyesha nje kwa kofia. "Kila siku nilikuja nayo. Kila siku nilitaka kukuwekea. Nikifika nakuona, nasema kesho."

Ningeweza kumsamehe kwa hilo. Nasema kweli, nilikaribia. Nilimwona akibeba ile mikono kwenye pikipiki siku sitini, kwenda na kurudi, na huruma ikanishika. Nikaimeza. "Ilete," nikasema.

Akaileta. Nikafungua mikono ya plasta, nikaweka ile mizito, nikavalisha uzi. Nikasimama katikati ya ukumbi, miguu mbali kidogo, kifua chini, nikavuta.

Ulikuwa mzito. Ulinikatalia mwanzo, halafu mgongo ukaitika. Nikasikia makombe ya mabega yanakutana nyuma, kamba ya kisima, ndoo ya sitini, ndoo ya sabini, nguvu yote niliyoambiwa haipo ikaja yenyewe na ikakaa. Uzi ukafika kidevuni. Nikashika.

"Moja," Shangazi akaanza kuhesabu, kwa sababu ndivyo alivyozoea kunihesabia ukumbini. "Mbili. Tatu."

"Kiwiko," akasema Ridhiwani kutoka mlangoni. Kidogo tu, kwa ile sauti yake ya uwanjani. "Juu kidogo."

Nikapandisha kiwiko. Mwili ulimtii kabla sijaukataza. Macho yetu yakakutana juu ya uzi, yake yamejaa machozi na fahari, na mimi nilimpenda pale na kumchukia pale, kwa pumzi moja.

"Tisa. Kumi."

Nikaurudisha taratibu, maana upinde hauachiwi mtupu. Bi Mwanahija alikuwa ameshika shavu.

"Subhanallah," akasema. "Hata hakutetemeka." Halafu akajirekebisha haraka. "Lakini mgongo huo, Esha, gauni hilo halitafunga."

"Litafunga nikiongeza kitambaa," akasema Shangazi.

"Ngojeni na gauni," nikasema. Nikaweka upinde juu ya meza, nikamgeukia Ridhiwani. Sikupiga kelele. Kelele zilikuwa zimekwisha. "Nina jambo moja tu nataka kwako. Sitaki uniombe radhi. Sitaki uape. Mama yako huyu hapa, na mimi huyu hapa. Mwambie Nusaiba anakwenda Dar Jumamosi ya mchujo. Mwambie mbele yangu. Maneno hayo tu."

"Nusaiba..."

"Akikataa, akataze. Akilia, alie. Mimi sikwambii umkosee adabu mama yako. Nataka nikusikie mara moja tu maishani mwangu unaniambia neno lilelile unalomwambia yeye."

Bi Mwanahija akakunja mikono. "Sema, mwanangu," akasema, na wallahi sauti yake ilikuwa na kitu kama maombi. "Nakusikiliza. Nitakataa, usiniogope. Lakini sema."

Tulimngoja wanawake watatu. Shangazi alikuwa ameshika mkasi hewani. Mimi nilikuwa nasoma Bismillah moyoni, namsukuma kwa macho, sema, baba, sema tu, nitakusamehe yote, sema. Alifungua mdomo. Alimwangalia mama yake, akaniangalia mimi, akamwangalia tena mama yake.

"Mama," akasema. "Labda... tungekwenda kuongea nyumbani."

Bi Mwanahija akafumba macho. Alikaa hivyo kidogo, halafu akachukua mkoba wake kitini. Nilidhani atanisema mimi, lakini alipita mbele yangu akaniwekea mkono begani, begani hasa, palepale asipopapenda, akauondoa. Akatoka kuvaa viatu barazani.

"Nusaiba," Ridhiwani akasema, "nipe mpaka kesho. Nitamwambia tukifika. Nakuapia."

"Mikono ya upinde iache hapa."

"Na sisi?"

"Umesikia mama yako anakungoja."

"Unaniacha?"

Nilitaka kumwambia nakupenda, nakupenda mpaka naumwa, ungesema neno moja tu ningekuoa mwenyewe. Nilitaka kumwambia nitakaa ndani hata siku arobaini ikiwa wa kunifungulia mlango ni wewe. Lakini ningesema hayo angeyachukua akaenda nayo nyumbani, akayabandika juu ya kitu kingine.

"Kesho usije uwanjani," nikamwambia. "Wala keshokutwa. Nitajifundisha mwenyewe."

Akavaa kofia ya pikipiki ndani ya nyumba, kwa kuchanganyikiwa, akashindwa kuifunga kamba yake. Zamani ningemcheka. Alifika mlangoni akasimama, mgongo wake umenielekea, mpana, mzuri, na nilijua anangoja nini. Anangoja nimwite. Alikuwa anataka mimi ndiye niseme, kama kawaida.

Nilimpenda mpaka alipovuka kizingiti. Sikumwita.